Habari ya Harufu Mbaya ya Kinywa, Asili Yake na Jinsi ya Kuizuia

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo watu hulinena nyuma ya mtu, wala hawathubutu kulinena mbele yake. Ni harufu mbaya ya kinywa. Huenda mmoja wenu akauliza, Je, hili nalo ni neno la kuandikwa katika gazeti letu? Twajibu, Naam, tena lilipaswa kuandikwa zamani. Maana mtu ambaye kazi yake ni kusema na watu kwa karibu, kumfundisha mtoto kusoma, kuinama juu ya kitanda cha mgonjwa, kumsikiliza mjane asemaye kwa sauti ndogo, kinywa chake ni chombo chake cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Nasi twalijua jambo hili vizuri kwa kuwa lilitupata sisi wenyewe.

Ilikuwa katika miaka ya kwanza ya kukaa kwetu katika mtaa tulio nao sasa. Katika darasa la kipaimara tuliwaona vijana wakigombea mabenchi ya nyuma, na benchi la mbele likabaki tupu. Tukawaamuru waje mbele. Wakaja, lakini mmoja akajifunika uso kwa kitabu, na mwingine akageukia dirishani. Tuliwakaripia kwa kukosa adabu, hata siku moja tukamtoa nje kijana mmoja kwa ajili hiyo, naye akatoka asijitetee. Wazee wa baraza nao, tukisema nao, walirudi nyuma hatua moja. Tukisogea, wakarudi tena. Sisi tulidhani ni heshima. Na mke wetu alikuwa akituwekea karafuu mezani kila asubuhi, nasi tukazitafuna pasipo kuuliza sababu.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja kipofu, tuliyekwenda kumtazama katika ugonjwa wake. Kwa kuwa masikio yake nayo yalikuwa mazito, tuliinama karibu sana ili atusikie. Akatushika mkono, akasema, "Mchungaji, mwanangu, usinikasirikie. Kinywa chako kinaumwa. Mume wangu alinuka hivi hivi muda mrefu, kisha meno yake yakaanguka moja moja. Nenda ukatazamwe." Tulitoka mle nyumbani tumejaa haya, tukarudi kwetu kwa njia ya migombani tusije tukakutana na mtu.

Hata hivyo hatukwenda kutazamwa upesi. Kwanza tulinunua peremende. Kisha rafiki mmoja akatuambia kwamba harufu ya kinywa hutoka tumboni, basi tukanywa dawa ya minyoo, na baadaye dawa ya kiungulia, na mwezi mzima ukapita bure. Mwisho tukaenda kwa tabibu wa meno. Yeye alitutazama kwa kioo chake kidogo, wala hakuuliza habari ya tumbo hata kidogo. Alituonyesha ukoga mgumu kama chokaa uliojikaza chini ya fizi, na gego moja la nyuma lenye shimo, ambamo chakula kilikuwa kikioza kila siku nasi hatuna habari.

Basi jambo la kwanza la kufahamu ni hili, kwamba mwenye harufu hii mara nyingi haijui. Pua huizoea harufu iliyo nayo daima, kama mchoma mkaa asivyosikia moshi katika nguo zake. Wengine huweka kiganja mbele ya kinywa na kupumua, lakini njia hiyo haiaminiki. Iliyo bora kidogo ni kulamba nyuma ya kifundo cha mkono, kungoja mate yakauke kitambo, kisha kunusa. Au uparuze ulimi wako nyuma kabisa kwa kijiko, ukanuse utando utakaotoka juu yake. Lakini hakuna njia ipitayo kumwuliza mtu wa nyumbani mwako, aseme kweli pasipo kuogopa.

Jambo la pili ni asili yake. Katika watu kumi wenye harufu mbaya ya kinywa, kwa wanane au tisa asili yake i humo humo kinywani, wala si tumboni. Njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni hukaa imefungwa, nayo hufunguka tunapomeza au tunapocheua, basi hewa ya tumbo haipandi ovyo ovyo. Ni kweli kwamba wale ambao asidi ya tumbo huwapandia kooni mara kwa mara waweza kuwa na harufu, lakini hao ni wachache. Twalisema hili kwa kuwa twajua ni watu wangapi wanaokunywa dawa za kusafisha tumbo kwa ajili ya jino lililooza.

Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 700. Wa kwanza kuviona alikuwa Mholanzi mmoja, mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea vioo vya kukuzia vitu vidogo. Mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London, akawaeleza kwamba alikwangua utando mweupe katikati ya meno yake, akauchanganya na maji, akaona humo viumbe vidogo vikienda huku na huku. Tena huyu alikuwa mtu wa kusugua meno yake kwa chumvi kila siku! Alipotazama kinywa cha mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno yake, aliona wingi wa kushangaza.

Vijidudu hivi si vyote vibaya, wala haiwezekani kuviondoa vyote. Lakini vile vipendavyo kukaa mahali pasipofikiwa na hewa, yaani nyuma ya ulimi, katikati ya meno, na chini ya fizi, hula mabaki ya nyama, samaki, maziwa na maharagwe, na hata chembe za ngozi ya kinywa zilizokufa, na katika kula kwao hutoa hewa zenye salfa, ile ambayo wazee huiita kiberiti. Moja ya hewa hizo ndiyo iletayo harufu ya yai viza. Kwa hiyo mtu asiye na jino bovu hata moja aweza kunuka kinywa kwa sababu ya ulimi wake tu. Jitazame katika kioo na kuutoa ulimi: ukiona kule nyuma utando mzito, mweupe au wa manjano, umekwisha kuona shamba la vijidudu hivyo.

Mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Mtu mzima hutoa nusu lita hata lita moja na nusu ya mate kwa siku, nayo huosha kinywa na kuvizuia vijidudu pasipo sisi kufanya kazi yo yote. Tukilala mate hupungua sana, na hii ndiyo sababu kila mtu, hata mfalme, huamka na harufu. Harufu ya asubuhi si ugonjwa. Mswaki, maji na chakula huiondoa. Lakini kinywa kikikauka mchana kutwa, jambo ni jingine. Hukauka kwa kutokunywa maji, kwa kukaa na njaa, kwa kupumulia kinywani usiku pua zikiwa zimeziba, kwa tumbaku na pombe, na kwa kusema muda mrefu, jambo ambalo sisi walimu na wahubiri tunalifahamu sana. Kuna na dawa zikaushazo kinywa, kama baadhi ya zile za shinikizo la damu, za mafua na za mzio. Atumiaye dawa hizo asiziache kwa hofu ya harufu, bali amweleze tabibu wake, na anywe maji kidogo kidogo mara nyingi.

Habari ya vitunguu saumu ni ya peke yake. Mtu akila saumu, hewa yake huingia katika damu, nayo damu huipeleka mapafuni, basi hata akisugua meno mara tatu bado ataitoa katika pumzi, pengine hata siku ya pili. Lakini hiyo hupita yenyewe, nasi hatuwazuii watu kula saumu.

Sasa twataka kukaa kidogo katika habari ya fizi, maana ndizo zilizotupata, tena ndizo ziharibuzo meno ya watu wazima wengi. Chakula na vijidudu vikikaa juu ya jino huwa utando laini, ambao waweza kuondolewa kwa mswaki. Ukiachwa siku nyingi hugeuka ukoga mgumu, nao mswaki hauuwezi kamwe. Ufizi unaougusa ukoga huo huvimba, ukawa mwekundu, na kutoa damu mtu asafishapo meno. Hapo wengi hukosea sana. Wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale, wakidhani wamejiumiza, hali damu ile ni dalili ya kwamba pahali pale panataka kusafishwa zaidi, kwa upole. Ukiendelea, ufizi huachana na jino, vikawa vifuko ambamo mswaki hauingii, na mfupa unaoshika jino huliwa pole pole. Wala hapana maumivu makali! Jino bovu hulia usiku kucha, lakini fizi huharibika kimya kimya, na mlango wake wa kutangaza habari mara nyingi ni harufu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mume wa bibi yule.

Tabibu wetu alitung'oa lile gego, kisha akatukwangua ukoga kwa siku tatu mbalimbali, juma kwa juma. Yaliuma kidogo, damu ikatoka, lakini majuma machache baadaye fizi zikakaza. Mtu mwenye ukoga mgumu asidanganyike kwamba ataumaliza nyumbani kwa sindano au kwa msumari, kama tulivyowaona wengine wakifanya. Tena wenye ugonjwa wa kisukari waangalie zaidi, maana kisukari huzidhoofisha fizi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari iwe ngumu kutawalika.

Mbali na kinywa, harufu yaweza kutoka katika mafindofindo, ambamo vijiwe vidogo vyeupe hujifanya na kunuka sana, au katika pua yenye usaha. Mama akiona mtoto wake mdogo ananuka, na kamasi zenye uvundo zatoka tundu moja la pua tu, akumbuke kwamba watoto hupenda kutia vitu puani, kama punje ya hindi, harage, au ushanga. Asijaribu kukitoa kitu hicho kwa kijiti, asije akakisukuma ndani, bali ampeleke zahanati.

Pumzi yenye harufu tamu, kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu kubwa, kukojoa mara nyingi, kutapika na kuhema kwa nguvu, ni dalili ya kisukari kilichopanda hata kuhatarisha uhai. Mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile, wala msingoje kesho. Harufu kama ya mkojo yaweza kutokea figo zikishindwa kazi. Mapafu na ini navyo vina harufu zao katika ugonjwa, lakini mambo hayo si ya kupimwa kwa pua ya jirani. Ni ya tabibu.

Lakini liko neno moja ambalo twawasihi walimu waendao vijijini walishike. Kuna ugonjwa uitwao noma, ambao huwapata hasa watoto wadogo wa umri wa miaka 2 hata 6, waliodhoofika kwa njaa, au waliotoka katika surua au malaria. Huanza kwa kidonda katika ufizi na harufu mbaya sana ya kinywa, kisha shavu huvimba, na katika siku chache nyama ya uso huoza. Wasiotibiwa wengi hufa, na waliopona pasipo dawa hubaki na uso uliobomoka. Lakini ukitambuliwa mwanzoni, hupona kwa dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula chema. Si laana, wala si uchawi, wala hauambukizi. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Basi ukimwona mtoto mnyonge, kinywa chake chanuka sana na ufizi wake una kidonda, usiondoke pale nyumbani hata safari ya hospitali iwe imepangwa.

Tukirudi kwa watu wazima, kinga yenyewe ni rahisi, nayo yataka bidii ya kila siku kuliko fedha. Safisha meno mara mbili kwa siku, na mara ya usiku isikose, kwa maana chakula kikilala kinywani pamoja na ukavu wa usiku huoza kwa raha. Tumia dawa ya meno yenye floridi, usugue kama dakika mbili, upande wa nje na wa ndani, hata mahali jino linapokutana na ufizi, kwa mswaki laini. Wenye nguvu za mikono wasisugue kama wanaosugua sufuria! Tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ikae. Kisha usafishe ulimi kuanzia nyuma kuja mbele, kwa kijiko au kwa mswaki. Utasikia kichefuchefu siku za kwanza, baadaye utazoea. Katikati ya meno mswaki hauingii, basi pitisha uzi wa meno huko taratibu, usije ukaukata ufizi. Mswaki ubadilishwe baada ya miezi mitatu au minne, na wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyaosha.

Wako watakaosema, Sisi twatumia mswaki wa mti kama babu zetu. Vema. Mti wenyewe uitwao mswaki, umeao katika nchi kavu, ndio uliokipa jina hata hiki cha dukani, na ukitafunwa ncha na kusuguliwa vizuri husafisha kweli. Ila wengi huusugua mbele tu, mahali panapoonekana wakicheka, na magego huachwa. Tena hauna floridi ya kutosha, basi ni vema kuuchanganya na dawa ya meno. Lakini mkaa, mchanga na majivu vyaikwaruza ngozi ngumu ya jino, nayo ikiisha kulika haioti tena. Ndugu zetu wa Arusha na Meru, ambao meno yao yana rangi ya kahawia, wajue kwamba rangi ile imetokana na floridi nyingi iliyo katika maji waliyokunywa utotoni. Si uchafu, haileti harufu, wala mkaa hauiondoi.

Peremende na karafuu hufunika harufu kwa kitambo kidogo, kama mtu afukizaye udi katika nyumba yenye panya aliyekufa. Maji ya kusukutua ya dukani nayo yana msaada mdogo kuliko bei yake. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya Marekani iliyoyauza ilijaza magazeti hadithi za wasichana waliokosa kuolewa kwa sababu ya pumzi zao, na watu wakanunua kwa hofu. Hofu hiyo bado iko. Wako watu ambao hawana harufu yo yote, tabibu amesema, na jamaa wamesema, lakini wao hufunika kinywa daima na kujitenga, na mtu akigusa pua yake huona kwamba amewasema wao. Hao msiwacheke, kwa maana mateso yao ni ya kweli. Wahitaji kusikilizwa, na pengine kutibiwa moyo kuliko meno.

Na yule mwenye harufu kweli, nani atamwambia? Asiambiwe mbele ya watu, wala asiandikiwe barua isiyo na jina, wala asipewe peremende kwa hila kila akija. Aambiwe na mtu mmoja amjuaye, wakiwa peke yao, kwa maneno machache, akitajiwa ugonjwa wala si uchafu, kisha aelekezwe kwa tabibu. Mwenye umri mdogo asiyeweza kumwambia mkubwa wake amwombe mtu wa rika lake. Mke wetu, tulipomwuliza kwa nini alinyamaza na karafuu zake, alilia, akasema aliogopa kutuvunjia heshima. Na kijana yule tuliyemtoa darasani tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya baba yake. Aliona haya kuliko sisi.

Majuma sita baada ya kazi ya tabibu tulirudi kwa bibi. Tukainama kama kwanza. Hakutaja habari ya harufu, ila aliuliza kama tuling'olewa meno mengi. Tukamwambia, Moja tu. Akakaa kimya kidogo, akasema kwamba mumewe naye aliambiwa aende, akakataa.